Je, Ni Halali Kutuliza Maumivu kwa Dawa Ipunguzayo Pumzi?

Yako maswali ambayo mtu huyasoma kitabuni akayajibu upesi, na yako mengine ambayo humjia nyumbani kwake usiku, taa inawaka na mgonjwa analia chumba cha pili. Swali tunalotaka kulifikiri leo ni la namna hii ya pili. Nalo ni hili: Ikiwa iko dawa iwezayo kuondoa maumivu makali ya mgonjwa, na dawa hiyo hiyo yaweza kupunguza pumzi zake, je, ni halali kumpa? Na yule aliye nayo mkononi, akakataa kumpa kwa hofu, je, ameepuka dhambi, au ametenda nyingine?

Hatuliulizi swali hili ili kuonyesha elimu. Twaliuliza kwa sababu tulipata kulijibu vibaya, na aliyelipa gharama ya jibu letu alikuwa mtu mwingine.

Kijijini kwetu palikuwa na mzee mmoja, fundi seremala. Madawati mengi wanayoketi watoto wa shule yetu ni kazi ya mikono yake. Alipatwa na saratani, ikaingia katika mifupa ya mgongo na ya nyonga. Hospitalini walimwambia kweli, ya kuwa hawana tena njia ya kumponya, wakamrudisha nyumbani akae na watu wake. Baada ya siku chache muuguzi alikuja kwa pikipiki, akaacha chupa ya dawa ya maji iitwayo mofini, akaeleza namna ya kuipima, kisha akaenda zake kwa wagonjwa wengine. Pamoja na chupa ile palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Jioni mwanawe mkubwa alituletea karatasi ile. "Mwalimu," alisema, "tusomee, tujue tunampa baba kitu gani." Tukasoma. Tulipofika mahali palipoandikwa ya kuwa dawa hii yaweza kupunguza kupumua, hata kukusimamisha kabisa, tuliyafasiri maneno hayo kama yalivyo. Mama mwenye nyumba akaweka mkono kinywani. Mwana akaikunja karatasi, akasema, "Basi hatutamwua baba kwa mikono yetu." Sisi hatukusema neno. Twakiri ya kuwa nasi tuliogopa, na hofu yetu ilijivika vazi la busara. Chupa ikawekwa juu ya kabati.

Mzee yule aliishi siku 11 baadaye. Usiku alikuwa akiuma shuka ili wajukuu wasimsikie. Siku ya maziko muuguzi akarudi, akaiona chupa imejaa hata shingoni. Akauliza ni nani aliyesoma karatasi. Tukajibu ni sisi. Hakutukemea. Alisema tu, "Mwalimu, chini ya maneno yale pameandikwa jinsi ya kumpa mtu asidhurike. Mbona hukuwasomea?" Hatukuwa na jibu, kwa kuwa hatukufika huko.

Tangu siku ile tumejitahidi kufahamu jambo hili, kwa kusoma na kwa kuwauliza wanaojua. Tutaeleza kwanza dawa yenyewe na kazi yake mwilini, maana haifai kuhukumu jambo kabla ya kulijua. Kisha tutarudi kwenye swali letu.

Asili ya mofini ni utomvu wa mmea uitwao mpopi. Utomvu huo ukikauka huitwa afyuni, au kasumba. Watu wameutumia tangu zamani sana, wengine kwa kutuliza maumivu, wengine kwa kulewa. Mwanzoni mwa karne ya 19 kijana mmoja wa Kijerumani, mtengenezaji wa dawa, jina lake Friedrich Sertürner, alifaulu kuitenga ile nguvu yenyewe iliyomo ndani ya afyuni, akaiita kwa jina la mungu wa ndoto wa Wayunani wa kale. Katika habari aliyoichapa mwaka 1817 alieleza jinsi alivyoijaribu mwilini mwake pamoja na vijana watatu. Walikunywa kidogo, wakaongeza, wakaongeza tena, mpaka wakaugua vibaya na kuhitaji kutapishwa. Basi tangu mwanzo dawa hii ilijulisha mambo mawili pamoja: ya kuwa yafaa sana, na ya kuwa kipimo chake si jambo la mchezo.

Zaidi ya miaka 150 ilipita kabla watu hawajajua kwa nini dawa hii ina nguvu namna ile. Mwaka 1973 wataalamu walionyesha ya kuwa katika chembe za ubongo mna mahali maalumu ambapo dawa za jamaa ya afyuni hushika, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli lake. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, huko Aberdeen katika Scotland, walieleza ya kuwa mwili wenyewe hutengeneza vitu vidogo vyenye kazi kama hiyo. Hapa yatupasa kutua kidogo. Makufuli hayo hayakuwekwa mwilini kwa ajili ya mpopi. Mwili wa mwanadamu umeumbwa pamoja na njia yake ya kupunguza uchungu, na mofini hupita katika njia iliyokuwapo tayari. Kwa hiyo asemaye ya kuwa kutuliza maumivu ni kushindana na maumbile, hana budi afikiri tena.

Lakini makufuli hayo hayako mahali pamoja. Yako katika uti wa mgongo na ubongoni, pale zipitapo habari za maumivu. Na yako pia katika shina la ubongo, sehemu iliyo juu kidogo ya shingo kwa ndani, ambapo kazi ya kupumua huongozwa. Hapo ndipo shida ianzapo.

Kupumua ni kazi ya ajabu. Twaweza kuiamuru, kama mwimbaji afanyavyo azuiapo pumzi mpaka mwisho wa ubeti; lakini haingoji amri yetu, na tulalapo yaendelea. Mwaka 1991 wataalamu, miongoni mwao Jeffrey Smith na Jack Feldman, walieleza habari za kikundi kidogo cha chembe za fahamu ndani ya shina la ubongo, kinachopiga mwendo wa pumzi kama mpiga ngoma awaongozavyo wachezaji. Mpiga ngoma huyu huletewa habari na walinzi. Walinzi wa kwanza wamo humo humo katika shina la ubongo, nao huangalia hewa ya ukaa, ambayo ni taka ya kazi za mwili. Hewa hiyo ikizidi katika damu, walinzi hutoa habari, na pumzi huongezeka. Walinzi wengine wako shingoni, mahali mshipa mkubwa wa damu ugawanyikapo, nao huangalia hasa upungufu wa oksijeni. Mtu akizuia pumzi zake kwa muda, ile haja kubwa ya kuvuta hewa inayomshinda hatimaye hutoka zaidi kwa hewa ya ukaa iliyozidi.

Mofini ikipita kiasi hufanya mambo mawili. Humpunguzia mpiga ngoma mwendo, na huwafanya walinzi kuwa wazito wa kusikia. Hewa ya ukaa hupanda, na mwili hauoni haja ya kuitoa. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hata 20 kwa dakika. Aliyezidiwa na dawa aweza kushuka hata mara 8, hata mara 4, asione dhiki yoyote. Hili ndilo jambo la hatari. Hatapitapi kama mtu anayezama, wala hamwiti mtu. Asahau kupumua, basi. Kadhalika kikohozi hupungua na koo hulegea, hata mate au matapishi yaweza kuingia katika njia ya hewa asiyakohoe.

Na moyo je? Wengi hudhani ya kuwa mofini husimamisha moyo. Sivyo hasa. Kwa kipimo cha tiba hailegezi sana nguvu ya moyo wenyewe. Hupunguza mapigo yake kidogo, kwa kupitia mshipa wa fahamu utokao katika shina la ubongo kwenda moyoni. Tena hupanua mishipa ya damu, kwa sababu huamsha mwilini kitu kiitwacho histamini, na kwa sababu hulegeza zile amri za ubongo za kuibana mishipa hiyo. Mgonjwa akiwa amelala huenda asione kitu. Akiinuka ghafula, damu hushuka miguuni. Desturi ya mwili ni kwamba walinzi walioko shingoni na katika mshipa mkuu karibu na moyo huhisi kupungua kwa msukumo wa damu, na mara huamriwa mishipa ibane na moyo upige upesi. Haya yote hutendeka kwa nukta chache tu, nasi hatujui. Mofini hulipunguza jibu hilo. Ndiyo maana mgonjwa aona kizunguzungu, au huanguka. Basi amwinuaye mgonjwa wa namna hii amketishe kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha ndipo amsimamishe.

Mwaka 1969 daktari Edward Lowenstein na wenzake, huko Boston katika Marekani, waliandika habari za wagonjwa wa moyo waliopewa mofini nyingi sana wakati wa kupasuliwa, hali mashine ikiwapumulia. Mioyo yao iliyokuwa dhaifu tayari ilistahimili. Katika habari hii twajifunza ya kuwa mlango wa hatari ni pumzi. Pumzi ikilindwa, moyo waweza kuvumilia. Pumzi ikikoma, moyo nao hukosa oksijeni, na ndipo usimamapo. Ila tusiseme hivyo kwa kila dawa ya jamaa hii. Methadoni, kwa mfano, yaweza kuvuruga mwendo wa umeme wa moyo, na kwa hiyo waitumiao hawana budi kuangaliwa na madaktari.

Basi hofu ya yule mwana haikuwa upumbavu. Katika Marekani, kwa mwaka 2022 peke yake, watu zaidi ya 80,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamaa ya afyuni, wengi wao kwa fentanili iliyotengenezwa kwa siri, dawa ambayo nguvu yake yapita ile ya mofini kama mara 100. Wala sisi wa Afrika ya Mashariki tusiyatazame mambo hayo kama ya mbali. Heroini, ambayo hutengenezwa kwa mofini, imewaharibu vijana wengi wa miji ya pwani, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Na mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwatibu walionaswa nayo kwa kuwapa methadoni chini ya uangalizi. Mama aliyempoteza mwana kwa heroini, akisikia ya kuwa mumewe atapewa dawa ya ukoo huo huo, tusimcheke.

Lakini na tuangalie tofauti. Yule anayejidunga kichochoroni hajui kipimo cha unga alio nao. Autia katika mshipa, na nguvu yake yote yafika ubongoni kwa dakika chache. Pengine amekunywa pombe, au amemeza vidonge vya usingizi, ambavyo navyo hupunguza pumzi. Tena hana mtu wa kumtazama. Mgonjwa anyweshwaye mofini huanzishiwa kidogo. Dawa hupanda polepole, ikafika kilele baada ya kama saa moja. Hurudiwa kila saa 4, na kipimo huongezwa kwa kutazama hali yake. Maumivu yenyewe huamsha pumzi, na mwili upewao dawa kwa taratibu hujizoeza nayo siku kwa siku. Tena iko dalili itanguliayo: mgonjwa husinzia mno, akawa mgumu kuamka, kabla pumzi hazijapungua kiasi cha kumwua. Mwenye kukesha aona dalili hiyo, hampi kipimo kinachofuata, na humwita muuguzi. Hata aliyezidiwa anayo dawa ya kumwokoa: naloksoni, iliyoruhusiwa katika Marekani mwaka 1971, huing'oa mofini katika makufuli yake, na pumzi hurudi, ijapokuwa nguvu ya naloksoni yaweza kwisha upesi, kwa hiyo mtu huyo hana budi kuendelea kuangaliwa.

Nao waliochunguza habari za wagonjwa walio karibu na kufa hawakuona ya kuwa mofini iliyopimwa vema na kuongezwa kwa taratibu hufupisha maisha kama watu walivyoogopa. Basi sisi tulimnyima mzee yule utulivu ili tumkinge na hatari ambayo, kwa kijiko kile kidogo, ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani. Na uchungu tuliomwachia ulikuwa mkubwa kuliko tulivyotaka kuuona.

Sasa turudi kwenye swali letu. Twaona watu hulijibu kwa njia tatu zisizofaa.

Wa kwanza husema: Maumivu ni mafundisho, Mkristo na ayavumilie. Hutukumbusha ya kuwa Bwana wetu alipoletewa divai iliyotiwa manemane, wakati wa kusulubiwa kwake, hakuipokea. Ni kweli. Lakini tuangalie ni nani aliyekataa, na kwa ajili ya nani. Alikataa kikombe chake mwenyewe. Hatusomi popote ya kuwa alimzuilia mwingine kikombe cha faraja. Bali wagonjwa walipomlilia aliwaponya, wala hakuwaambia wakae na maumivu yao wajifunze. Uvumilivu ni sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye mali. Hatuwezi kumtoa ng'ombe wa jirani kuwa sadaka yetu. Vivyo hivyo hatuwezi kuutoa uchungu wa mzee wetu kuwa uvumilivu wetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa mwenyewe akisema, "Nipunguzieni dawa, nataka akili zangu niseme na wanangu," tumheshimu. Lakini neno hilo ni lake, si letu.

Wa pili husema: Afadhali kutotenda. Nisipompa dawa akafa, ugonjwa ndio uliomwua; nikimpa akafa, ni mimi. Hili ndilo wazo lililotushika sisi, na lina sura ya haki. Lakini chupa haikupanda juu ya kabati peke yake. Mtu aliiweka pale, na kila baada ya saa 4, uchungu uliporudi, tulichagua tena kuiacha. Yule kuhani na yule Mlawi waliopita kando hawakumpiga mtu aliyelala njiani, wala hawakumnyang'anya kitu. Hata hivyo hakuna awasifuye. Kutotenda nako ni tendo, kwa yule aliye na uwezo wa kusaidia.

Wa tatu wako upande mwingine kabisa. Husema: Kama ni kufa, atakufa tu, basi apewe nyingi apumzike upesi. Hapo twakataa. Mgonjwa hakupungua utu kwa kuwa ni mgonjwa, wala uhai wake haukuwa mali yetu kwa kuwa tumechoka kumwuguza. Mara nyingi anayetamani kumaliza mambo upesi ni yule akeshaye kando ya kitanda, na aliye kitandani hutamani tu uchungu ukome.

Njia iliyo sawa imekwisha kufikiriwa zamani na wenye hekima. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas, alipoandika habari za mtu anayejilinda na mwenye kumshambulia, alifundisha ya kuwa tendo moja laweza kuzaa mambo mawili, moja likusudiwalo na jingine lisilokusudiwa. Waalimu waliomfuata walilikuza fundisho hilo. Nao mwaka 1957 madaktari wa dawa za usingizi walipomwuliza Papa Pio wa XII swali hili hili letu, alijibu ya kuwa yaruhusiwa kutuliza maumivu hata kama dawa yaweza kufupisha maisha, ikiwa hakuna njia nyingine, na ikiwa mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake wa mwisho.

Mtu atauliza: Nani auonaye moyo? Hata muuaji aweza kusema, "Nilikusudia kutuliza." Ni swali zuri, na kwa siku nyingi lilitusumbua. Jibu letu ni kwamba katika jambo hili kusudi halikai moyoni tu, bali huonekana katika mkono. Akusudiaye kutuliza huanza na kidogo, hungoja, hutazama, huhesabu pumzi, huongeza kwa kadiri ya maumivu. Na mgonjwa akitulia, mkono wake husimama hapo. Akusudiaye kifo hana haja ya kuhesabu. Maumivu yakitulia na mgonjwa akaishi, kwake kazi haijaisha. Basi kipimo ni shahidi wa kusudi. Ndiyo maana hatuwezi kuyatenga mambo haya mawili, ujuzi wa dawa na unyofu wa moyo. Mwenye huruma asiyepima aweza kuua, na mwenye kujua hatari tu, asiye na huruma, aweza kumwacha mtu ateseke.

Na jambo hili si la kijiji kimoja. Mwaka 2017 tume ya jarida la madaktari liitwalo The Lancet ilieleza ya kuwa katika tani 298.5 za dawa za jamaa hii zigawanywazo duniani kwa mwaka, zikihesabiwa kwa nguvu ya mofini, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu, yaani kilo 100. Upande mmoja wa dunia watu wengi wamekufa kwa kuzidisha. Upande mwingine wengi wamekufa wakilia kwa kukosa. Wala sababu si bei peke yake, kwa kuwa mofini ya unga si ghali. Hofu imo pia: hofu ya watunga sheria, hofu ya waganga, na hofu ya jamaa nyumbani.

Lakini hofu yaweza kushindwa. Huko London, Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mwaka 1967, alifundisha kumpa mgonjwa dawa kwa saa zilizopangwa, kabla maumivu hayajarudi, ili asilazimike kuomba kila mara kama mwombaji mlangoni. Karibu nasi, katika Uganda, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ambapo unga wa mofini huchanganywa na maji, mgonjwa akanywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria ya nchi ile iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa kazi hii kumwandikia mgonjwa mofini, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi.

Kwetu sisi tuujuao utaratibu wa nyumba za vijijini, wajibu uliobaki ni mwepisi kuutaja. Dawa ipimwe kwa chombo kilichotolewa na muuguzi, si kwa kijiko cho chote. Saa iandikwe katika daftari, ili mama asimpe tena aliyekwisha kupewa na binti. Isichanganywe na pombe wala vidonge vya usingizi bila idhini. Ifungiwe mbali na watoto, na asipewe mtu mwingine hata mmoja. Mgonjwa akiwa mgumu kuamka, au pumzi zake zikishuka chini ya 8 kwa dakika, dawa izuiwe na muuguzi aitwe upesi. Tena jamaa wajue mapema ya kuwa mtu anayekata roho hubadilika kupumua hata kama hakuonja dawa yo yote. Kila mgonjwa atapewa kipimo cha mwisho, kama atakavyokula tonge la mwisho. Wala hatusemi ya kuwa tonge ndilo lililomwua.

Nasi walimu, pamoja na ninyi nyote mliojaliwa kusoma, tunao wajibu wa pekee. Watu hutuletea karatasi zao kwa imani. Kumsomea mtu hatari, tukaacha njia ya kuiepuka, ni kama kumwonyesha msafiri mto tukamficha kivuko. Asipofahamu msomaji, na aulize. Kuuliza si ujinga. Namba ya simu ya muuguzi ilikuwa imeandikwa juu ya chupa ile ile. Hatukuipiga.

Miezi michache baada ya maziko, mwana wa yule mzee alitujia jioni, akaketi kimya, kisha akasema, "Mwalimu, tulimkosea baba?" Tuliona haifai kumtuliza kwa uongo. Tukamwambia, "Ndiyo, ndugu yangu, tulimkosea, na mimi ndiye niliyetangulia, kwa kuwa ninyi mliniamini." Akainama, akasema, "Sote tulimpenda." Ni kweli, sote tulimpenda. Lakini upendo wetu haukuuliza, haukusoma mpaka mwisho, wala haukupima. Na kwa hiyo haukumsaidia kitu.

Jibu letu basi, ndugu wasomaji, ni hili. Ni halali, na mara nyingi ni wajibu, kumtuliza mgonjwa kwa dawa hii, kwa kipimo, kwa saa zake, kwa macho yanayokesha, na kwa ridhaa yake mwenyewe. Anayetoa hivyo hashindani na uhai. Aulinda utu wa mwenye uhai huo mpaka siku yake ifike. Na wewe uliye na chupa juu ya kabati leo, iteremshe, umwite muuguzi, mkaisome karatasi pamoja, mpaka mstari wa mwisho.